Nusu Mfuko wa Saruji

Mimi sikuwa mpimaji. Mpimaji ni Injinia Mwaisumo,
aliyeshuka kutoka Mbeya na darubini yake
na koti zito ambalo joto la Kyela lililicheka.
Mimi nilishika fimbo nyekundu na nyeupe,
nikasimama nilipoambiwa nisimame.
Kushoto kidogo. Rudi. Hapo hapo, usipumue.

Wenzetu wa ng'ambo walikuja na fimbo yao.
Aliyeishika ni Mwangulu. Tukaulizana koo kabla ya majina,
tukakuta shangazi yangu aliolewa kwao
na ng'ombe wawili wa mahari hawajaletwa mpaka leo.
Hilo nalo ni shauri la mpaka, akasema,
ila halina kamati.

Songwe hausomi ramani.
Kila masika hugeuka kama mgonjwa wa homa,
ubavu huu, ubavu ule,
ukivuta matete, ukivuta mpunga, ukivuta banda la nguruwe.
Mwaka ule wa mvua ya wiki mbili
Tusekile alifungua mlango akaiona migomba yake ng'ambo,
imesimama vilevile, haijui lolote.
Na kaburi la Asegelile, mumewe, likiwa katikati yake:
mtu aliyelipa kodi huku, akapiga kura huku,
akahamishwa usiku bila pasi.

Kikao kilikaa siku tatu chini ya turubai,
viti vya plastiki, soda za moto, mbu wa mchana.
Ramani ya zamani ilikunjwa miaka mingi mahali pamoja,
na hapo palipokunjwa, pamechanika,
na hapo palipochanika ndipo tulipokuwa tunapatafuta.
Ziwani hatukufika. Ziwa ni la wakubwa.
Mwanasheria akasoma: katikati ya mkondo.
Tusekile akauliza kutoka nyuma, mkondo upi?
Nikasikia soda ikifunguliwa.

Siku ya tatu wakakubaliana:
mto uende utakako, mpaka usiufuate.
Ubaki pale maji yalipokuwa wakati mstari unachorwa.
Basi Asegelile akarudi kwetu bila kunyanyuliwa,
ingawa kumfikia ni kuvua viatu.
Na kwenye kona ya pili, ambako mto ulifanya kinyume,
shamba la mama yake Mwangulu, lililo ukingo wetu,
likabaki kuwa la kwao.
Kila mmoja sasa atavuka maji kwenda nchini mwake.

Wale wanawake wawili wakacheka hadi wakashikana mabega.
Kumbe misimu sita wamebadilishana:
huyu analima lile lililo karibu naye, yule analima hili,
na wakivuna, debe la mchele linavuka huku,
debe linavuka kule, juu ya kichwa, saa ya jioni.
Sasa hilo, mama yake Mwangulu akauliza, mtaliandika wapi?
Katibu alinyanyua kalamu.
Akaitazama. Akaiweka chini, akaomba maji.

Nguzo ya kumi na nne ilipomalizika
ulibaki nusu mfuko wa saruji.
Injinia akaandika: imetumika yote.
Hakunitazama alipoandika.
Nikaubeba kichwani, Mwangulu akabeba mchanga,
tukaingia majini hadi kiunoni, Tusekile mbele,
akipapasa njia kwa mguu kama mtu aliye jikoni kwake gizani.

Tuliziba nyufa za kaburi, tukanyoosha kichwa chake.
Simu mfukoni ikalia: Karibu Malawi.
Nilikuwa nimesimama Tanzania, kwa sahihi za watu kumi na wawili.
Ndaga fijo, alisema Tusekile, na Mwangulu akaitikia
kabla yangu, kwa lafudhi ya ng'ambo.
Akachukua msumari, akaandika jina polepole,
akaandika mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa.
Kisha akageuka, msumari hewani:
Na nchi, niandike?

Tukatazamana, mimi na Mwangulu.
Saruji ilikuwa imeanza kukauka.